Mtoto Aliyekatazwa Mkate

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kupima choo cha mtoto wa watu. Nyumbani Gatuanyaga walipouliza nafanya nini hospitalini, niliwajibu kwamba naandika, na haukuwa uongo. Kila asubuhi niliweka poti juu ya mizani, nikatoa uzito wa poti yenyewe, na kilichobaki nikakiandika kwenye daftari la mistari: aunsi ngapi, rangi gani, kimeelea kwenye maji au kimezama.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipotukataza kusafiri bila pasi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, nimesoma mpaka darasa la nane, na pasi yangu ya kusafiria ilikuwa imejaa mihuri. Hospitali ilikuwa nyumba ndogo ya mawe yenye wodi mbili, nje ya Ruiru, imezungukwa na kahawa pande zote. Niliajiriwa kufua mashuka. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, hakuwa na mume wala haraka. Siku moja alinikuta uani nikisoma maandishi ya kopo la sabuni huku nikisubiri maji yachemke. Akaniuliza kama najua hesabu za kutoa. Nikasema najua. Akaniuliza kama naona kinyaa upesi. Nikasema nimelelewa pamoja na mbuzi.

"Basi njoo," akasema. "Kuna mtoto nataka umwone."

Alikuwa binti wa fundi seremala wa Thika, mmoja wa wale Wahindi wenye vilemba tuliowaita Kalasinga. Miaka yake ilikuwa minne, lakini ungempa miwili. Mikono na miguu ilikuwa kama vijiti, makalio yameisha kabisa ngozi ikining'inia, na tumbo limetoka mbele kama la mtu mzima aliyeshiba. Nywele zilikuwa kavu, hazina nguvu. Kilichonishtua zaidi ni uso. Mtoto yule alikuwa amekasirika. Hakulia kwa sauti. Alinung'unika tu, asubuhi mpaka jioni, na ukimgusa aligeukia ukutani.

Alikuja na baba, mama na nyanya yake, mama mzaa baba. Baba alisimama mlangoni, kilemba chake kikiwa na vumbi la mbao, akaeleza. Kiswahili chetu sote chumbani mle kilikuwa cha kuokota, kila mtu na chake, lakini tulielewana.

"Ile daktari ya kwanza nasema minyoo," alisema. "Tukampa dawa, tukampa mafuta ya nyonyo. Minyoo hapana toka. Daktari ya pili nasema hapana kula vizuri. Sasa nakula vizuri kushinda sisi yote. Mkate na maziwa asubuhi. Chapati na samli mchana. Chapati jioni."

"Na anazidi kukonda," daktari akasema.

"Nazidi."

Nyanya alikuwa amekaa kitini, shuka jeupe kichwani. Alikuwa ameshika kifurushi cha kitambaa mapajani. Baadaye nilijua kilikuwa na chapati, zimelowekwa samli, za kumlisha mjukuu njiani.

Daktari alimpapasa mtoto tumbo, akatazama choo chake, kingi, cheupe kama uji, chenye harufu iliyofukuza watu barazani. Kisha akakaa kitandani na kuwaeleza jambo ambalo hata mimi nililisikia mara ya kwanza. Alisema kuna watoto wa namna hii Ulaya, na kwa miaka mingi madaktari hawakujua kinachowala. Wengine waliwatibu kwa ndizi, wakapona kidogo, na hakuna aliyejua kwa nini. Halafu vita vilipokuja, kule Uholanzi watu walikosa mkate kabisa, wakala hata mizizi ya maua iliyo kama vitunguu. Watoto wenye afya walidhoofika kwa njaa. Lakini wale watoto wagonjwa, wenye matumbo makubwa, walianza kupata nafuu. Mkate uliporudi baada ya vita, wakaugua tena. Daktari mmoja wa huko aliliona jambo hilo, yeye na wenzake wakalifuatilia, wakapima choo na chakula siku baada ya siku, mpaka wakamkamata mwizi.

"Ni ngano," alisema. "Ngano na shayiri. Kwa watu wengi ni chakula. Kwa huyu ni kama sumu. Utumbo wake hauiwezi."

Mama wa mtoto alitazama mume wake. Nyanya akauliza kitu kwa lugha yao, akajibiwa, akaweka mkono juu ya kile kifurushi.

Mimi nilibaki na mshangao wangu mwenyewe. Kwetu mkate ulikuwa kitu cha Krismasi. Chapati ilipikwa mtu akioa. Viazi vitamu, nduma, uji wa wimbi, hivyo ndivyo tulivyokula kwa sababu hatukuwa na kingine. Sasa namsikia msomi akisema mtoto wa tajiri, maana kwangu fundi alikuwa tajiri, atapona akila kama sisi.

Daktari alipanga hivi. Mwezi mmoja mtoto angekaa hospitalini bila hata punje ya ngano. Halafu angerudi kwao Thika, nami ningefuatana naye kusimamia chakula na kuandika. Na mwisho, akiwa amenona, angepewa mkate tena wiki nzima, ili tujue kwa hakika kwamba ni ngano na si kitu kingine. Alisema ndivyo walivyofanya kule Ulaya. Bila kufanya hivyo ni kubahatisha tu. Hiyo sehemu ya mwisho sikuipenda tangu siku ile.

Siku za kwanza hospitalini zilikuwa mbaya. Mtoto alitema uji wa wimbi kwenye aproni yangu. Alitema ndizi. Nilimpondea kiazi kitamu na maziwa kidogo, nikakaa chini sakafuni, nikala mimi, nikawa simtazami. Nilikula polepole, nikasifu. Siku ya nne alinyoosha mkono akachukua kutoka kwenye bakuli langu. Kufika wiki ya pili manung'uniko yalianza kupungua, na choo kikaanza kupungua pia, kikapata rangi. Asubuhi moja nilikuwa nafungua pazia nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ingine."

Niligeuka. Alikuwa amesimama kitandani, ameshika chandarua kwa mkono mmoja, bakuli tupu kwa mwingine. Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia. Nilikimbia mpaka jikoni kama mtu anayefukuzwa.

Alipotoka, alikuwa ameongeza ratili mbili na uso umelainika. Baba alimbeba begani mpaka kwenye lori lake, akacheka na watu wote aliokutana nao, mpaka mfagiaji.

Thika nililala kwa shangazi yangu, na kila asubuhi nilikwenda kwa fundi. Waliishi nyuma ya karakana, vyumba vitatu na ua wenye mfereji. Jumamosi nilipanda treni kwenda Ruiru kumpelekea daktari daftari, na Jumatatu nilirudi. Siku mbili hizo mama wa mtoto alipima mwenyewe, akaniandikia kwa tarakimu nzuri kuliko zangu. Alikuwa mama mwenye bidii. Alitenga sufuria za mtoto, alitenga mwiko, unga wa ngano akauweka chumba cha mbali kabisa.

Ndipo mambo yakaharibika. Wiki ya pili, Jumanne, choo kilikuja kingi, cheupe, kikaelea. Jumatano vivyo hivyo. Ijumaa kikatulia. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya nne mbaya zaidi. Mtoto akaanza tena kununa, akaanza tena kugeukia ukuta.

Nyanya ndiye aliyesema kwanza. Alinisubiri uani.

"Unampa nini?"

"Kile kile, mama. Wali, viazi, mayai, uji."

"Uji yako," alisema. "Uji ya wimbi. Hii si chakula ya mtoto yetu. Tumbo yake hapana jua. Alikuwa nakula chapati miaka yote, sasa unaleta chakula ya porini, naharibika."

Nilichukua poti nikaenda kuiosha. Nilikuwa nimelelewa kutojibizana na mtu wa umri ule. Jioni hiyo fundi aliniita kwenye karakana. Aliongea kwa upole, akiwa bado ameshika randa. Alisema wiki moja tena. Kama hakuna mabadiliko, atamchukua mtoto wake, atamlisha kama zamani, na Mungu ataamua.

Jumamosi daktari alipitia daftari kurasa tatu nyuma, tatu mbele. Kisha aliniuliza swali lililonichoma.

"Niambie kweli. Unamwonjesha kitu? Kipande cha mandazi, labda? Kwa huruma?"

"Hapana, daktari."

Aliniangalia. Nadhani aliniamini, lakini hakuwa na hakika, nami niliuona ule mwanya wa shaka. Kama kazi ingeisha, pasi ingeisha nayo, na ningerudishwa Gatuanyaga kwa maitu, mama yangu, kwenye kijiji tulimokusanywa na serikali, chenye mtaro na walinzi. Lakini si hilo tu. Nilikuwa nimemzoea mtoto. Nilijua uzito wake mikononi mwangu kabla ya mizani kuusema.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa nje ya wodi na daftari, nikachukua kalamu nyekundu ya daktari, nikazungushia kila siku mbaya duara. Nilipomaliza nikaona. Duara zilikuwa zimepangana. Jumanne na Jumatano, Jumanne na Jumatano, Jumanne na Jumatano. Ijumaa safi. Jumamosi safi. Kama ni uji wangu, kwa nini ungechagua siku? Uji alikunywa kila siku. Na kilichotoka Jumanne kililiwa siku moja au mbili kabla, pengine Jumapili, siku nisiyokuwepo.

Kesho yake nilifika Thika mapema. Mama wa mtoto alikuwa akichota maji mferejini.

"Mama, Jumapili huwa mnafanya nini?"

"Tunaenda kusali."

"Na mtoto pia?"

"Sisi yote."

"Huko anakula?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana. Kuna chakula, lakini yeye hapana kula. Mimi nabeba wali yake kwa sahani yake."

Nikasema haya. Nilikuwa nimekata tamaa. Nikachukua nguo za mtoto za jana, ambazo ilikuwa kazi yangu kuzifua kwa sababu ya ugonjwa wake, nikazipeleka kwenye karai. Kulikuwa na gauni lake la Jumapili, la rangi ya waridi, lenye mfuko mmoja mbele. Nilipopindua mfuko, vidole vyangu vikashika kitu laini. Kilikuwa kinanata. Kilikuwa cha kahawia, chenye chembechembe, kinanukia samli na sukari. Nilikaa pale nimechuchumaa, mkono hewani, maji yakidondoka kiwikoni.

"Mama," niliita. "Hii ni nini?"

Alikuja akifuta mikono, akainama, akatabasamu. "Ah, hiyo. Hiyo si chakula. Hiyo ni baraka. Ukimaliza kusali unapewa kwa mikono miwili."

"Inapikwa na nini?"

"Samli. Sukari. Na unga ya..."

Hakumaliza. Aliketi chini kwenye saruji yenye maji, na sari ya kazi aliyovaa ikalowa yote.

Ilikuwa halua ya hekaluni kwao, inayopikwa kwa unga wa ngano. Nimefikiria sana baadaye jinsi sote tulivyopita karibu nayo. Niliuliza kuhusu chakula, akanijibu kuhusu chakula. Nami kama angeniuliza Jumapili nimekula nini kanisani, nisingemtajia kile kipande cha meza ya Bwana.

Nyanya alituona tumekaa chini akatoka. Mkwewe alimwonyesha mkono wangu na kumweleza kwa lugha yao. Nilimwona mama yule mzee akielewa. Alianza kutikisa kichwa, halafu akaacha kutikisa. Aliongea nami moja kwa moja, kwa sauti ndogo.

"Mimi nampa yake. Halafu nampa yangu pia. Kila Jumapili, yangu pia. Nasema, hii mtoto gonjwa, apate baraka mbili."

Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Nilikausha mikono kwenye sketi yangu nikamshika kiganja, na neno lililonitoka lilikuwa la kwetu la kumwita nyanya.

"Cucu," nikamwambia, "hukujua. Hakuna aliyejua. Hata daktari hakujua."

Alishika mkono wangu kwa muda mrefu. Baadaye siku hiyo aliniletea chai mwenyewe, ya maziwa na tangawizi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mpaka nikaimaliza.

Nililala juma lile nikiwaza watafanyaje. Kumnyima mtoto mkate ni jambo moja; kumnyima baraka ni jingine. Jumatatu mama wa mtoto alinisimulia. Jumapili hekaluni nyanya alikwenda mbele na mjukuu wake kama kawaida. Akamweleza mgawaji, naye akasema hakuna ubaya. Mtoto alikinga mikono, akapewa tonge dogo. Nyanya akalichukua kutoka mikononi mwake, akaligusisha kwenye paji la uso wa mtoto, kisha akalila yeye. Halafu akamnawisha vidole kwa maji, kimoja kimoja.

Jumanne nilipima. Kilizama. Jumatano kikazama. Alhamisi mtoto alinifukuza uani na kijiti, akicheka, akaanguka, akainuka bila kulia. Ijumaa baba yake aliacha kazi akaja kutazama mizani mwenyewe, watu wazima wanne tumeinamia poti kana kwamba tumeokota dhahabu.

Jumamosi nilipanda treni ya mchana nikiwa na daftari kwenye kikapu. Nilikaa dirishani. Nakumbuka kuona mkonge, halafu kahawa zinaanza. Sikumbuki zaidi, kwa sababu nililala. Sikuwa nimelala vizuri karibu mwezi, na mwili ulijichukulia wenyewe. Nilipozinduka treni ilikuwa imesimama, nikashuka mbio, na kibao cha stesheni kikaniambia niko Kahawa. Ruiru ilikuwa nyuma.

Askari alikuwa amenifikia kabla sijageuka.

"Pasi."

Nikampa.

"Hii ni ya Thika na Ruiru. Hapa ni wapi?"

"Kahawa. Nililala."

"Ulilala." Alinitazama juu mpaka chini. Siku nyingine yoyote ningeanza kuomba msamaha, maana watu walikwenda kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo. Siku hiyo nilijikuta nabana kicheko. Aliona, akakasirika, akataka kikapu. Akatoa daftari. Alilifungua katikati, akaanza kusoma kwa sauti ya kikazi, kidole chini ya mstari.

"Jumanne. Aunsi nne. Kahawia. Ki... kimezama." Akafungua kwingine. "Jumatano. Aunsi tatu na nusu. Kahawia. Hakina harufu kali." Akainua macho. "Hii ni lugha ya siri?"

"Hapana, afande. Ni choo cha mtoto."

Alilifunga daftari taratibu. Akalirudisha kikapuni kwa ncha za vidole, akafuta mkono kwenye kaptura, akanipeleka kwa mkuu wa stesheni, akamwambia huyu apandishwe treni ya kurudi na apelekwe Ruiru haraka. Nilicheka peke yangu njia yote, mama mmoja mwenye kuku akasogea benchi la mbali.

Daktari alisoma daftari akiwa amesimama. Nilimweleza yote, mfuko wa gauni, mikono miwili, nyanya. Aliketi. Alifungua kurasa zile zenye duara nyekundu, akazihesabu, kisha zile mpya zisizo na duara.

"Na ile wiki ya mkate?" nikauliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu siku ya kwanza. "Bado utampa?"

"Kwa nini nimpe?" alisema. "Jumapili zimeshafanya kazi hiyo. Akila anaugua, asipokula anapona, na si mara moja. Kama ningeipanga mwenyewe nisingeipanga vizuri hivi." Halafu akasema jambo ambalo hakuhitaji kulisema. "Na samahani kwa lile swali la mandazi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye shamba la kahawa, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa.

Daktari alinakili daftari lile kwa mkono na kupeleka nakala Ulaya kwa mwenzake aliyekuwa akikusanya habari za watoto kama huyu. Jibu lilikuja baada ya miezi, barua ya shukrani, na ombi la kujua wimbi ni nafaka gani. Alinipa mimi niandike maelezo ya wimbi. Niliandika kurasa mbili.

Kwa fundi, nyanya ndiye aliyechukua jambo lile kuwa lake. Siku moja nilimkuta jikoni na unga wa mahindi hadi viwikoni. Aliniambia kwamba kwao, alipokuwa msichana, wakati wa baridi walikula chapati za mahindi na mboga za majani, na kwamba alikuwa amezisahau kwa sababu huku Kenya walipata nafasi ya kula ngano kila siku wakaona wameendelea. Zilivunjika mara tatu mkononi. Ya nne ikashika. Aliigeuza kwenye kikaango, akaipaka samli, akaiweka mbele ya mjukuu wake. Mtoto aliigeuza, akaichungulia chini, akamtazama nyanya kama anauliza kama ni mtego.

"Kula," nyanya akasema. "Hii yako."

Akala. Nami nikakatiwa kipande.

Mvua za masika zilipokuja lile gauni la waridi halikumwingia tena. Alianza shule akiwa mdogo wa mwili kuliko wenzake, lakini miguu yake ilikuwa miguu ya kukimbia. Siku zile daktari alidhani huenda akikua ataweza kula ngano kidogo kidogo. Ndivyo wengi walivyodhani. Nilipokwenda kusomea uuguzi, na daktari ndiye aliyeniandikia barua ya kuniombea nafasi, na miaka ikapita, nikajifunza kwamba utumbo ule haubadiliki, ni wa maisha. Niliwaandikia kuwaambia. Mama yake alijibu kwamba hawakuwahi kujaribu. Alisema mtoto mwenyewe, akienda kwa rafiki na kupewa keki, hujibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote, "Asante, mimi sili ngano," kisha huuliza kama kuna ndizi.